Miller au Hansberry: tamthilia mbili za fedha za bima

Anayetaka kuielewa Marekani ya baada ya vita kupitia jukwaa anaweza kuanza na Death of a Salesman ya Arthur Miller (1949) au A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry (1959). Kwa Miller, mchuuzi Willy Loman anajiua ili familia ipate dola 20,000 za bima. Kwa Hansberry, dola 10,000 za bima ya marehemu baba wa familia ya Weusi zinafika mapema, mama analipia arubuni ya nyumba katika mtaa wa Wazungu, na wakazi wanamtuma mjumbe, mpole kweli kweli, ailipe familia hiyo isihamie. Miller ni fundi zaidi wa muundo. Lakini kwa historia ya utamaduni ningemtanguliza Hansberry, ambaye familia yake ilifikisha kesi ya ubaguzi wa makazi ya Chicago hadi Mahakama ya Juu mwaka 1940.