Deki ipi ununue: vita vya diski vinavyopanga bei, na deki tano kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho

Novemba 2007, Walmart ya Marekani iliuza deki ya Toshiba HD-A2 kwa chini ya dola 100, na zikaisha upesi. Si ajabu, kwa sababu iliyoitangulia, HD-A1, ilikuwa imeingia sokoni Aprili 2006 kwa dola 499. Tarehe 19 Februari 2008 Toshiba ikatangaza kwamba inaachana na HD DVD, yaani aina ya diski za filamu zenye picha kali ambazo deki hizo zilichezesha. Walioshangilia ile ofa walibaki na deki nzima kabisa, tatizo ni kwamba filamu mpya za kuweka ndani yake zilikuwa zinakatika.

Kabla ya kufurahia bei ya deki yoyote, uliza punguzo hilo analilipa nani.

Mwaka 2006 kulikuwa na kambi mbili: Toshiba na HD DVD yake, Sony na wenzake na Blu-ray yao, diski nyingine ya picha kali. Zote zilitumia leza ya rangi ya buluu iliyokolea, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 405, mahali pa ile nyekundu ya nanomita 650 iliyozoeleka kwenye DVD. Tofauti ilikuwa kwenye diski yenyewe. Data ya HD DVD ilikaa milimita 0.6 ndani ya plastiki, sawasawa na DVD, hivyo viwanda vilivyokuwepo vingeweza kurekebishwa na kuendelea na kazi. Data ya Blu-ray ilikaa milimita 0.1 tu kutoka usoni mwa diski. Ilibeba gigabaiti 25 kwa kila tabaka dhidi ya 15 za HD DVD, lakini ilidai mitambo mipya. Matokeo yake, deki ya kwanza ya Blu-ray kuuzwa Marekani, Samsung BD-P1000, ilifika Juni 2006 kwa dola 999, yaani maradufu ya mshindani wake.

Sasa tazama hesabu ya upande wa pili. Kampuni ya iSuppli iliifungua HD-A1, ikakadiria kwamba vipuri vyake peke yake vinazidi dola 670. Toshiba ilikuwa inatoa fedha mfukoni kwa kila deki inayouzwa. Sony ilifanya vivyo hivyo kupitia PS3, mashine yake ya gemu iliyosoma Blu-ray: ile ya dola 599 ilikadiriwa na iSuppli kugharimu takriban dola 840. Hakuna aliyekuwa akimwonea huruma mnunuzi. Kila kambi ilitaka idadi ya kuwaonyesha wakubwa wa studio za filamu, iwaambie, "Tazama, deki zetu ndizo ziko majumbani."

Studio ziliposhika upande, biashara ikaisha. Paramount ilihamia HD DVD peke yake Agosti 2007, lakini tarehe 4 Januari 2008 Warner ikatangaza kwamba inakwenda Blu-ray, na haikupita miezi miwili Toshiba ikanyoosha mikono. Wengi walidhani bei za Blu-ray zitaporomoka baada ya hapo. Wapi! Kwa miezi kadhaa ziling'ang'ania pale pale, nyingine zikapanda, maana aliyekuwa akizibana hakuwepo tena. Zilianza kushuka tena watengenezaji walipoongezeka, na kufikia sikukuu za mwisho wa 2008 ungeweza kupata deki ya Blu-ray chini ya dola 200.

DVD yenyewe haikupitia balaa hilo. Kambi mbili zilizokuwa zikivutana zilikubaliana mwaka 1995, kabla deki haijafika dukani, na baada ya hapo kila kiwanda kilipigania mnunuzi yule yule kwa diski ile ile. Mimi hizi naziona kuwa bei mbili tofauti kabisa. Vita kati ya mifumo miwili hukuletea ofa, na ofa hufa na aliyeitoa. Ushindani wa viwanda vingi ndani ya mfumo mmoja hukuletea bei ya chini inayodumu. Mpangilio ufuatao nimeupanga kwa kipimo hicho.

1. Deki ya kawaida ya Blu-ray

Kwa watu wengi hii inatosha na kubaki. Vita vyake viliisha zamani, gharama za kuubuni mfumo zilisharudi, na inacheza Blu-ray, DVD na CD. Usilipie zaidi kwa sababu ya programu za kutazama filamu kwa intaneti zilizomo ndani: runinga yako ina uwezekano mkubwa wa kuzifanya vizuri zaidi, na kwenye deki huwa zinaachwa mapema bila kusasishwa.

Geuza boksi usome mambo mawili. La kwanza ni kanda. Blu-ray imegawa dunia katika A, B na C. A ni mabara ya Amerika, Japani, Korea na Asia ya Kusini-Mashariki. B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia. C ni China, India, Urusi na majirani zao. Diski iliyofungiwa kanda nyingine hukataliwa hata kama ni halali. La pili ni matundu ya nyuma. Deki za Blu-ray zilizotengenezwa baada ya 2013 hazitoi picha kwa njia ya analojia, ni kwa waya wa HDMI tu. Ukiwa na runinga ya zamani yenye yale matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu, ruka moja kwa moja hadi nafasi ya nne.

Iliyotumika pia inafaa, na siku hizi ndiko bei nzuri iliko, mradi uijaribu. Muuzaji atakuwekea diski, nembo ya studio itatokea, atatabasamu. Usiridhike. Nenda na diski yako mwenyewe, filamu ndefu ya tabaka mbili, uisogeze kwa rimoti hadi katikati na kupita kidogo. Hapo ndipo leza huhama kutoka tabaka moja kwenda jingine, na leza iliyochoka hujikuta matatani: picha inaganda, inagawanyika vipande vipande, au deki inaanza kukoroma huku ikitafuta. Jaribu pia DVD moja na CD moja, kwa sababu kila aina ya diski husomwa kwa leza ya rangi yake, na moja inaweza kufa huku nyingine ikiendelea vizuri.

2. Deki ya 4K

Ingekuwa ya kwanza kama kila mtu angekuwa na runinga kubwa ya 4K, yenye nukta za picha mara nne ya zile za Blu-ray ya kawaida, na hamu ya kukaa karibu nayo. Diski zake, zilizoanza kuuzwa 2016, hazina kanda kabisa, jambo ambalo peke yake linaweza kukushawishi. Ila elewa kwamba uhuru huo ni wa diski za 4K tu. Ukiweka Blu-ray ya kawaida kwenye deki hiyo hiyo, mambo ya A, B na C yanarudi.

Huku nako kuna mvutano, wa rangi na mwanga safari hii: Dolby Vision upande mmoja, HDR10+ iliyosukumwa na Samsung na Panasonic upande wa pili. Usiupoteze usingizi. Tofauti na 2006, diski zote za HDR, yaani zenye mwanga na rangi pana zaidi, hubeba HDR10 ya kawaida kama msingi, kwa hiyo atakayeshindwa hatakuachia diski zisizochezeka. Panasonic DP-UB820 inakubali zote mbili. Sony UBP-X700 ina Dolby Vision bila HDR10+, na hata hiyo Dolby Vision haijiwashi: unaingia kwenye mipangilio na kuiwasha mwenyewe. Wengi wanaolalamika kwamba hawaioni tofauti hawajawahi kuufungua ukurasa huo.

Kinachonitia wasiwasi ni idadi ya watengenezaji. Oppo ilijiondoa 2018, Samsung ikaacha kutoa deki mpya kwa soko la Marekani 2019. Mpinzani wa deki sasa ni filamu za intaneti, na huyo hamlazimishi yeyote kupunguza bei ya deki; anawaondoa wauzaji mmoja mmoja. Kwa hiyo, ukishaamua kwamba unaihitaji, kusubiri eti bei ishuke kama zamani si mkakati.

3. Mashine ya gemu

PS3 iliwahi kuwa deki ya Blu-ray yenye thamani kuliko nyingi zilizojiita deki, kwa sababu Sony ililipia sehemu yake. PS5 na Xbox Series X zenye tundu la diski zinacheza filamu za 4K, na kama ulikuwa unainunua kwa ajili ya gemu, basi deki umeipata humo humo. Kama huchezi gemu, achana nayo: haitoi Dolby Vision kutoka kwenye diski, na PS5 haichezi CD. Angalia toleo kwa makini, kwani PS5 ya kidijitali na Xbox Series S hazina mahali pa kuingizia diski. Na PS4 Pro, pamoja na sifa zake zote za 4K, haisomi diski za 4K.

4. Deki ya DVD

Kwa runinga ya zamani, au kwa chumba cha watoto. Nunua ya bei ndogo yenye matundu unayoyahitaji, usifikirie zaidi ya hapo.

5. HD DVD na deki za mseto

Deki za mseto zilizaliwa na woga wa wanunuzi. LG BH100 ilitoka mwanzoni mwa 2007 kwa takriban dola 1,200, ikisoma kambi zote mbili, na ndani ya mwaka mmoja na ushee nusu ya kazi yake ikawa haina maana. Ndiyo gharama ya kukataa kuchagua. Leo zinawafaa wakusanyaji wa diski za HD DVD, na hao wanajijua.

Ukipewa HD-A2 bure, pokea. Bado ni deki nzuri ya DVD yenye HDMI, na inaikuza picha ya DVD vizuri kwenye runinga kubwa. Kuinunua ni habari nyingine, kwa sababu leza yake ikifa hupati pa kuipeleka. Na ukizikuta diski zenyewe zikiuzwa, geuza kasha: baadhi zilitolewa zikiwa na HD DVD upande mmoja na DVD upande wa pili, na upande huo wa DVD utacheza kwenye deki uliyonayo, mradi kanda yake inakubaliana.