Nilivyokiona Kisiwa cha Saanane, mimi mtu wa Mtwara

Mnaniuliza kama Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa kule Mwanza, kinafaa kufungiwa safari. Naanza na jibu, maana watu wa kwetu hatupendi kuzungushwa. Ukiwa tayari uko Mwanza kwa shughuli zako, nenda Saanane. Kufunga safari kutoka Mtwara kwa ajili ya Saanane peke yake, hapana. Basi mpaka Dar, treni ya umeme mpaka Dodoma, basi tena mpaka Mwanza, halafu ukatembee kisiwa ambacho ukikaza mwendo unakimaliza kabla jua halijawa kali? Hela ya korosho haipatikani kirahisi hivyo. Mimi nilikwenda kumtazama mdogo wangu aliyejifungua, Saanane ikaja kama nyongeza, na hiyo nyongeza ndiyo naisimulia, kwa sababu tangu nirudi kila mtu mtaani kwetu Shangani ananiuliza.

Kufika ni rahisi. Hifadhi iko ndani ya Ziwa Victoria, pembeni kabisa ya jiji, na boti unapandia Capri Point. Hulipi fedha taslimu, kwa hiyo simu yako iwe na hela ya kulipia. Kuna jamaa mjini alitaka tumlipe yeye, eti atatupangia kila kitu, na bei yake ilikuwa imevimba kweli. Shemeji alimjibu kwa Kisukuma. Sikuambulia neno, ila jamaa aliondoka. Tukaenda wenyewe, tukavaa majaketi ya kuokolea maisha, na kabla mtoto mkubwa wa mdogo wangu hajamaliza kubishana na mikanda ya la kwake, tukawa tumefika.

Kilichonishangaza mimi mtu wa pwani ni maji kutoondoka. Kwetu huendi Mikindani kutafuta chombo bila kuuliza kwanza maji yako wapi, maana yakitoka, ghuba inabaki tope na mashua zimelala ubavu. Ziwa lile lina karibu kilomita za mraba 69,000, nchi tatu zimegawana, lakini bamvua, yale maji makubwa ya kwetu, hakuna, wala maji mafu, yale madogo, hakuna. Asubuhi na jioni gati ni lile lile. Mawimbi yapo, upepo upo, chumvi ndiyo haipo. Nilichovya kidole nikaonja, shemeji akacheka mpaka akakohoa. Tamaa ya kuoga ilinishika, ila huko kuna kichocho, kinachotokana na vijidudu vya kwenye konokono wa kando ya maji, na mamba nao wapo. Kuoga utaoga Msimbati, ufukwe wetu wa Mtwara, ukirudi.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana mchangamfu.

"Karibu mama. Mnatoka wapi?"

"Hawa wa hapa hapa. Mimi natoka Mtwara."

"Eeh, kwa korosho! Sasa zetu ziko wapi?"

Nilikuwa nazo kwenye mkoba, za kubanguliwa kwa mkono, nikampa. Nadhani ndiyo sababu hakutuharakisha.

Alianza na mwenye jina. Kabla ya hifadhi, pale palikuwa pa mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi. Baadaye serikali ikakichukua kisiwa, na mwaka 1964 ikafunguliwa bustani ya wanyama, ya kwanza Tanzania, ili wananchi wa kawaida waone wanyama wa nchi yao bila kwenda Serengeti. Mwaka 1991 pakawa pori la akiba, na 2013 pakapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Ndiyo ndogo kuliko zote nchini: kilomita za mraba 2.18, na humo wamehesabu mpaka maji yanayoizunguka. Kijiji hakuna. Mimi ningesikiliza habari za yule mzee asubuhi nzima, alilima nini kwenye majabali yale, alitega nyavu upande gani. Tarehe za serikali mtu anaweza kuzisoma popote.

Ila kuna kipande kimoja cha historia hiyo kilichonikaa. Saanane ilikuwa pia kituo cha kupumzishia wanyama waliokuwa wakihamishiwa Rubondo, kisiwa kikubwa zaidi upande wa magharibi wa ziwa. Miaka ya 1960 watu walihamishwa Rubondo, wakapelekwa wanyama wa kila namna: tembo, twiga, mbega. Hata sokwe walifika, kati ya 1966 na 1969, na hao walitoka Ulaya. Mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani, Bernhard Grzimek, aliwakusanya kutoka bustani za wanyama na sarakasi, wakafunguliwa msituni bila mafunzo yoyote. Fikiria mnyama aliyekula kwa mkono wa mtu miaka yote, leo anaambiwa huo msitu, jitegemee. Wakajitegemea kweli. Wamezaliana, na wajukuu zao wako huko hadi leo. Rubondo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Kama una hela na siku za kutosha, mimi naona uende huko.

Saanane yenyewe ni mawe. Sisi jiwe tunalolijua ni la matumbawe, lile lililojengea nyumba kongwe za Mikindani, unalikata kwa shoka. Yale ya Mwanza ni matale, yaani graniti, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, na yamepangana kiasi kwamba unaogopa kupiga chafya chini yake. Kijana alieleza kuwa hakuna aliyeyapanga. Mwamba ulikuwa mmoja chini ya ardhi, maji yakapenya kwenye nyufa zake na kuulainisha pande zote, kisha udongo ukasombwa taratibu, yakabaki hayo magumu yamekaa juu ya mengine. Tena ziwa lenyewe ni geni kwenye mawe hayo. Wanasayansi wamepima matope ya chini wakaona kwamba karibu miaka 15,000 iliyopita lilikuwa limekauka. Maana yake Saanane ilikuwa kilima tu, ungeweza kuja kwa miguu. Nilipofika juu na kuliona jiji lote limekaa kwenye vilima vya mawe hayo hayo, nikakubali.

Wanyama? Usije na matumaini ya simba. Tuliona swala pala, karibu kuliko nilivyotarajia, na tumbili wengi. Kuna kima wa aina ya De Brazza, mwenye ndevu nyeupe na mstari wa rangi ya chungwa kwenye paji la uso, ila hakujitokeza kwetu. Mimi muda wangu ulikwisha kwa pimbi. Alikuwa amejilaza juu ya jabali kuota jua, mnene, hana habari. Ukimtazama utasema panya, lakini jamaa yake wa karibu ni tembo na nguva, na akipiga miayo unaona meno mawili ya mbele yaliyochongoka. Nyayo zake ni laini na zina unyevu, ndiyo maana anapanda mwamba mkavu uliosimama wima bila kuteleza. Ile michirizi myeupe kwenye mawe, niliyodhani ni chokaa, ni mkojo wao wa miaka na miaka. Mtoto alifurahi kuliko wote kusikia hilo, akawa anaionyesha kila tulipopita.

Pembeni alikuwepo mjusi wa kule, dume, kichwa na kifua vyekundu, mwili wa buluu. Alikuwa anapiga pushapu kumtishia mwenzake aliyepauka rangi, na mwenzake akaondoka polepole, heshima ikiwa imebaki kidogo. Kwa ndege, furukombe utamsikia kabla hujamwona, na minandi wamejaa mawe ya majini.

Ya kuzingatia: vaa raba, kandambili zitakuangusha. Mzee mwenye magoti mabovu abaki chini, kuna sehemu za kukaa kivulini na upepo wa ziwa unatosha. Maji ya kunywa beba mengi. Chakula kifungeni, tumbili wa pale wameshajua mfuko wa plastiki una nini. Na kwa wale mliouliza kama inaizidi Ghuba ya Mnazi, hifadhi yetu ya bahari huku Mtwara: hapana, haiizidi. Kwetu kuna matumbawe, kasa na mikoko, tena nauli ya kufika Msimbati haiumizi mtu. Mimi nimeipa Saanane nyota nne, moja nimeibana kwa ajili ya yule kima.