Wathibiti ubora shuleni kwetu: walivyowasikiliza watoto na walipowaacha

Mwezi uliopita timu ya wathibiti ubora wa shule, yaani wakaguzi wa elimu wa serikali, ilikaa siku mbili katika shule ya msingi ya serikali anakosoma binti yangu, kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Ilemela, mkoani Mwanza. Nikiwa mjumbe wa kamati ya shule nilikuwepo siku zote mbili, na naandika tathmini hii kwa ajili ya wazazi na wajumbe ambao shule zao bado hazijafikiwa. Jina la shule na la ofisi iliyotutembelea nimeyaacha, kwa kuwa ninachokipima ni huduma yenyewe, hasa namna inavyosikiliza wanafunzi.

Kwa upande wa ufundishaji na nyaraka sina lalamiko. Walifika kabla watoto hawajapanga mstari, wakakaa madarasani vipindi vizima, wakapitia maandalio ya masomo, madaftari, rejista za mahudhurio na hata kitabu cha adhabu.

Sehemu ya wanafunzi ndiyo iliyonisukuma kuandika. Siku ya kwanza kaka mkuu, dada mkuu na viranja sita waliitwa ofisini, wakasimama mbele ya meza huku mwalimu mkuu ameketi palepale. Waliulizwa kama wanaipenda shule, kama walimu wanafundisha vizuri na kama wanapigwa. Walijibu ndiyo, ndiyo na hapana, kwa sauti moja, kama wanavyoitikia salamu darasani, na dakika kumi hazikuisha. Mtoto aliyelelewa asimkosoe mkubwa mbele ya wageni hana jibu lingine la kutoa, na anayemuuliza anapaswa kulijua hilo kabla hajafungua kinywa. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataka katika Ibara ya 12 maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Mahojiano yale ya ofisini hayakufika huko.

Siku ya pili mambo yalibadilika. Mthibiti mmoja, mama wa makamo, aliwachukua wanafunzi wote wa Darasa la Tano hadi chini ya mwembe ulio ng'ambo ya uwanja, akawaomba walimu wabaki walipo, nami nikaketi mbali kidogo. Aliwagawia karatasi wasizoandika majina, kila mmoja achore mahali anapopapenda shuleni na mahali anapopaogopa, na aliyetaka kueleza kwa Kisukuma aliruhusiwa. Wasichana wengi walichora mlango wa choo usio na komeo. Wengine walichora njia ya ziwani, wanakotumwa kuchota maji ya kusafishia vyoo, wakiingia hadi magotini katika maji yenye kichocho. Mambo hayo mawili sisi wanakamati tulikuwa tukiyapita kila tulipokwenda kikaoni.

Kisha akauliza kwa nini wavulana wengi huchelewa kwa karibu wiki mbili mfululizo, halafu huwahi tena. Rejista ilionyesha hivyo, na walimu waliuita utoro. Walinyamaza kwa muda, kisha mmoja akasema: "Madamu, hicho ni kipindi cha giza. Tunakuwa mwaloni." Kwa msomaji asiyekaa ziwani, mwalo ni ufukwe ambako mitumbwi hutia nanga na kushusha samaki, na dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku usio na mwezi, na mbalamwezi ikishamiri mitumbwi hupumzika. Mitumbwi inaporudi alfajiri, watoto hawa hushusha dagaa na kuwaanika, ndipo wakimbilie shule, ambako hupokewa na kiboko getini. Kanuni zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Hivi vya getini havikuwamo kitabuni. Nimeishi mwambao huu tangu utoto na kalenda ya dagaa naijua kwa moyo, lakini sikuwahi kuiweka kando ya rejista ya shule.

Udhaifu mkubwa ulijitokeza baadaye. Mrejesho walipewa walimu na kamati. Watoto hawakuambiwa lolote, hata lile la vyoo lililotoka kwenye michoro yao. Hawakuelezwa pia wamwendee nani endapo watasumbuliwa kwa waliyosema, wala hawakutajiwa namba 116 ya simu ya mtoto. Wiki iliyofuata binti yangu alinieleza kwamba mwalimu mmoja alipita akiuliza ni nani aliyezungumzia kiboko. Nilimfuata mwalimu mkuu siku hiyohiyo, naye akalikomesha, lakini ulinzi huo haupaswi kutegemea kama mzazi fulani yumo kwenye kamati.

Kwa alama za shule zetu, kazi ya nyaraka naipa A na usikilizaji wa wanafunzi naupa C. Mkitembelewa, ombeni wanafunzi wachaguliwe na wathibiti wenyewe kutoka kwenye rejista, wazungumze bila mwalimu, na warudishiwe majibu mstarini kabla timu haijaondoka.

Makomeo ya vyoo yamekwisha kununuliwa kwa michango ya wazazi. Suala la getini na la watoto wa mwaloni litajadiliwa katika kikao kijacho cha kamati, na nimeomba wanafunzi wawili wa Darasa la Tano, watakaochaguliwa na wenzao, waalikwe kuketi nasi.