Mlango wa Mbele kwa Nyumba ya Pwani: Upi Ununue, Upi Uuache

Anayebadilisha mlango wa mbele katika nyumba ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anatafuta kinga dhidi ya mwizi, mchwa, jua kali na hewa ya chumvi. Muuzaji huanza na nakshi na rangi kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoonekana dukani.

Kabla ya kuulizia bei, kagua fremu. Chukua bisibisi uchome miguu ya miimo pale inapogusa sakafu. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, hesabu fremu mpya katika bajeti, kwani hakuna kitasa kitakachoshika kwenye mbao iliyoliwa. Fremu ikiwa nzima, pima upana juu, katikati na chini, na urefu pande zote mbili, kisha mpe fundi vipimo vyote. Milango mingi ya dukani ni ya futi 7 kwa 3, lakini nyumba za zamani hazikujengwa kwa kuifuata.

Nafasi ya kwanza naipa mlango wa paneli wa mninga au mkongo. Mninga husinyaa kidogo sana unapokauka na kutanuka kidogo msimu wa mvua, kwa hiyo mlango wake haukwami Aprili na kulegea Agosti. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi, na humchosha fundi anapopiga randa. Mvule nao unafaa ukikosa hiyo miwili. Hata hivyo, jina la mti halitoshi. Niliwahi kuchukua mlango wa mninga halisi ambao mbao zake hazikuwa zimekauka, na kabla mwaka haujaisha kona ya juu ilikuwa imejitenga na fremu kiasi cha kupitisha kidole. Tangu hapo sinunui bila kuona kipimo cha unyevu kikisoma asilimia 15 au chini yake. Uliza pia kama mbao za kingo zinazoshika paneli zimeunganishwa kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja kuingia kwenye tundu la mwingine, au kwa misumari iliyofichwa chini ya rangi, na kama paneli zimeachwa huru ndani ya mifereji yake. Paneli iliyobanwa kwa gundi itapasuka, kwa kuwa mbao haiachi kutanuka na kusinyaa. Unene wa inchi moja na robo tatu ndio wa chini ninaoukubali kwa mlango wa nje.

Mtiki unafuata kwa karibu. Tanzania inaupanda katika mashamba ya serikali ya Longuza, Muheza, na Mtibwa, Morogoro, na mafuta yake ya asili huufanya uvumilie maji. Dosari iko kwenye miti iliyovunwa ikiwa michanga, kwa sababu sehemu yake nyeupe ya nje ni kubwa na mchwa huila bila taabu. Ukiona mistari mipana iliyopauka kwenye mlango ambao haujapakwa rangi, omba mwingine. Mlango ukiwa tayari umepakwa rangi nzito ya kahawia, jiulize rangi hiyo inaficha nini.

Milango ya chuma iliyotengenezwa kiwandani, hasa ile inayotoka China, naiweka ya tatu. Mchwa hauigusi, na komeo zake huingia kwenye fremu sehemu kadhaa kwa mpigo mmoja. Lakini iliyo ya bei nafuu ni bati jembamba lililojazwa karatasi ya matundu kama sega la nyuki: igonge katikati usikilize. Karibu na bahari kutu huanzia ukingo wa chini, palipokwaruzwa wakati wa kufunga. Kwa Dodoma au Tabora ningeipandisha hadi nafasi ya pili.

Alumini na kioo haishiki kutu kama chuma, ila hupitisha joto na macho ya wapita njia. Inafaa kwenye baraza lililozungushiwa ukuta. Mlango wa flashi, yaani ule bapa usio na paneli, wa plaiwudi ni wa chumbani, hata kama umepakwa vanishi ya kung'aa.

Wengi huongeza grili kwa nje. Ni sawa, mradi ufunguo wa kufuli lake uning'inie ndani, mahali ambapo kila mwanakaya anapajua hata gizani, kwa ajili ya siku ya moto.

Wakati wa kufunga, dai bawaba tatu za inchi 4 za shaba au chuma kisichoshika kutu. Kisha, kabla mlango haujatundikwa, simamia mwenyewe upakaji wa vanishi kwenye ukingo wa juu na wa chini, kwani fundi mwenye haraka huruka sehemu hizo mbili, na maji ya mvua huanza kunyonywa papo hapo.