Zana za kizamani kwa siku moja Mto Avon: nunua rili kwanza, fimbo baadaye

Anayetaka kuvua kwa mtindo wa kizamani katika mito ya Uingereza, samaki wasio salmoni wala trauti, huuziwa vitu vitatu kwa mkupuo: fimbo ya mwanzi, rili ya gurudumu isiyo na gia, na boya la mwiba wa nungunungu. Kwa maji kama ya Avon ya Hampshire, kusini mwa Uingereza, kati ya miji ya Salisbury na Christchurch, vitu hivi havina thamani sawa. Rili inastahili kila senti. Boya ni la bei ndogo na linafanya kazi kubwa. Fimbo inaweza kusubiri.

Rili yenyewe ni gurudumu la kukunjia mshipi, linalozunguka kwenye ekseli, kipenyo chake inchi 4 hadi 4 na nusu, na breki yake ni kidole gumba chako. Mkondo huvuta boya, boya huvuta mshipi, gurudumu hutii. Rili za kisasa hutoa mshipi kwa vipindi, boya likasita na kushtuka, na chambo kinachoshtuka rochi hakigusi. Huyu rochi, samaki aitwaye kitaalamu Rutilus rutilus, ni ndugu wa mbali wa ningu wetu, na ni mwangalifu sana kwenye maji maangavu.

Ukiwa dukani, gonga ukingo wa gurudumu kwa kidole. Lizunguke kwa muda mrefu, bila kukwaruza wala kuyumba. Likisimama upesi, mara nyingi ni uchafu au grisi nzito: fungua, safisha, tia tone moja la mafuta mepesi. Rili za zamani aina ya Aerial, za kiwanda cha Allcock cha Redditch, bado zinasakwa, na ni nzuri kweli, lakini ekseli iliyopinda si ya kutengeneza nyumbani. Rili mpya inayofaa hupatikana kwa chini ya pauni 100. Usijaze mshipi mwingi: mita 90 za mshipi unaohimili uzito wa ratili 4 zinatosha. Ukizidisha, mizunguko ya juu hudidimia katikati ya ya chini na boya hunaswa kila baada ya hatua chache. Udhaifu wake mkubwa ni kurusha. Mbinu ya kuvuta mshipi pembeni ya gurudumu huchukua muda kuizoea, kwa hiyo anza sehemu ambayo mkondo unapita karibu na ukingo, ambako kurusha kwa mkono mmoja kunatosha.

Mwiba wa nungunungu wa sentimita 18 hivi hubeba gramu 1 hadi 2. Ufunge kwa vipira viwili, juu na chini. Ukifungwa chini tu, mkondo huulaza kila unapouzuia. Chubwi, vile vizito vya mshipi, zipange ndogo ndogo kwa nafasi sawa pale maji yanapokwenda taratibu. Maji yakiwa na misukosuko, kusanya nyingi katikati ya boya na ndoana, uache moja tu karibu na ndoana. Jihadhari na masanduku ya zamani yanayouzwa na kila kitu ndani: tangu 1987 chubwi za madini ya risasi za kati ya gramu 0.06 na 28.35 zimepigwa marufuku kwa sababu ziliwaua mabata maji wakubwa wanaozimeza. Tumia za bati au tungsteni.

Kazi yenyewe huanza kwa kupima kina. Ning'iniza uzito kwenye ndoana, sogeza boya mpaka ncha ionekane juu ya maji, na pima sehemu nzima unayotaka kuvua, maana shimo moja hubadili kila kitu. Kipande cha mshipi wa ndoana kiwe dhaifu kuliko mshipi mkuu, ratili 3 kwa 4, ili ukinasa chini upoteze ndoana tu. Kwa mkate tumia ndoana namba 10 au 12. Kwa funza, 16 au 18. Bana mkate kwenye shingo ya ndoana pekee, sehemu iliyobaki ibaki laini na ivimbe. Chambo cha kuvutia, kile kinachotupwa majini bila ndoana, kiwe mkate uliosagwa, tonge moja la ukubwa wa yai la kuku, halafu subiri. Wengi hukosea hapa: wanamwaga mkate mwingi asubuhi, samaki wanashiba au wanaufuata chini ya mto.

Boya linaposhuka, lizuie kidogo kwa kidole. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, na usipolizuia, boya hutangulia na kuburuta chambo nyuma yake. Upepo ukiupinda mshipi, uinue na kuuweka upya upande wa juu wa mto. Mwisho wa safari ya boya, lishikilie kabisa kwa sekunde chache: chambo huinuka, na chabu, samaki mwingine wa mto, hupenda sana kukidonoa hapo.

Fimbo ya mwanzi, ya vipande sita vilivyogundishwa ubavu kwa ubavu, huinama vizuri na hulinda mshipi mwembamba, lakini ni nzito, na ukiishika siku nzima mkono utakwambia. Ukinunua iliyotumika, kagua viungo vilivyolegea, vanishi iliyopasuka, na ncha iliyopinda kabisa. Fimbo ya kaboni ya futi 13 hufanya kazi ileile na kuufikisha mshipi mbali zaidi na ukingo.

Leseni ya Environment Agency, shirika la serikali la mazingira, ni lazima kuanzia miaka 13, pamoja na kibali cha mwenye ukingo. Mito hufungwa 15 Machi hadi 15 Juni. Ukitaka kula, ujue sheria: samaki 15 kwa siku, wasiozidi sentimita 20, na kwa ruhusa ya maandishi ya mwenye mto. Wengine warudishwe majini, kwa mikono iliyolowa. Anayeanza aende Oktoba au Novemba, magugu yanapokuwa yamepungua na boya linapata njia wazi.