Sonara aliyekagua lulu za bibi, Mwanza mjini

Mwezi uliopita nilimpelekea sonara mmoja wa katikati ya jiji bruchi (pambo la kubanwa kwenye nguo) ya marehemu bibi yangu, ambayo aliachiwa na muuguzi wa misheni kutoka Marekani: ua la dhahabu lenye petali za lulu ndefu, nyembamba, zilizochongoka kama bawa la ndege. Duka la kwanza nililoingia walitupa jicho tu wakasema ni za kome wa ziwa letu, wakanitajia bei ya kununua papo hapo. Sonara huyu hakutaja bei yoyote. Aliomba nusu saa, akavuta taa na lenzi ya kukuzia mara kumi.

Alianza na dhahabu, si lulu. Kishikizo cha nyuma ni ndoano wazi isiyo na kufuli, na sindano inapita ukingo wa ua, utengenezaji wa zamani uliopungua mwanzoni mwa karne ya 20. Akakagua kila mahali petali zilipobanwa, akitafuta gundi mpya au alama za kufunguliwa, kwa sababu lulu ikibadilishwa, umri wa dhahabu hauthibitishi chochote. Hakuziona. Lulu za kupandikizwa za maji baridi, yaani zile ambazo binadamu huzianzisha ndani ya kome, zilianza kuuzwa kutoka Ziwa Biwa, Japani, katika miaka ya 1930, hivyo akahitimisha kwamba hizi huenda ziliota zenyewe.

Kuhusu asili, alieleza kwamba umbo la bawa hutokea karibu na bawaba ya gamba la kome, na kwamba lulu za namna hiyo zilivunwa kwa wingi katika bonde la mto Mississippi huko Marekani, hata kampuni ya vito ya Tiffany & Co. wakazitumia kutengeneza petali za maua. Historia ya muuguzi iliafikiana na hilo. Hata hivyo alikataa kuandika jina la mto. Eksirei huonyesha tabaka za ndani, na lulu za maji baridi hung'aa zikipigwa miale hiyo kwa kuwa zina madini ya manganisi mengi kuliko za baharini, lakini mng'ao huo hautaji mto. Na kifaa hicho yeye hana. Nilipomwambia kwamba mama huzipima kwa kuzisugua menoni, alijibu kwa upole kwamba jino hutenga lulu na bandia ya kioo, wala halitengi iliyoota yenyewe na iliyopandikizwa. Uaminifu huo ndio nilioulipia, na kwa kweli ulinigusa.

Kasoro ipo moja. Risiti yake ya kwanza iliandikwa “bruchi ya lulu” tu, bila uzito wala idadi ya petali, jambo la hatari kwa anayeacha mali dukani. Nilipomwomba aliipima bruchi, akahesabu petali kumi na moja mbele yangu, akaandika upya na kutia sahihi. Ukienda, dai risiti ya namna hiyo kabla hujaiachia bruchi itoke mkononi mwako.