Soko la Mwaloni, Kirumba: dagaa wazuri wapo, ila nenda kwa kufuata mwezi

Anayetaka kuijua Kirumba ya jijini Mwanza aanzie chini, kwenye Ziwa Victoria. Juu, kwenye Barabara ya Makongoro, kuna uwanja wa CCM Kirumba, maduka na daladala ziendazo Airport, na mgeni anaweza kudhani hiki ni kitongoji kama vingine vya wilaya ya Ilemela. Ateremke upande wa maji. Harufu ya dagaa itampokea kabla hajaliona soko.

Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, mwalo ni pale mitumbwi inapofika kushusha samaki. Mwalo wa Kirumba umekua ukawa soko la kimataifa la samaki wakavu, na wanunuzi wanatoka hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Ukisikia Kiswahili cha Kongo kinajibiwa kwa "mwadila mayu", salamu ya Kisukuma, na pembeni Wakerewe na Wajita wanahesabu magunia kwa lugha zao, usishangae. Kirumba ndivyo ilivyo.

Ilikujaje? Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892, reli kutoka Tabora ikafika 1928, na kwa muda mrefu mzigo mkubwa wa mji ulikuwa pamba. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea, furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, wakapungua vibaya, na dagaa wakabaki kuwa samaki wa wengi. Viwanda vya minofu vilipokuja vikawa vinachukua sangara mbichi kwa ajili ya Ulaya. Mitaani yakabaki mapanki, yaani mifupa na vichwa vya sangara aliyetolewa minofu, na kwa walaji wa Afrika wakabaki dagaa na kayabo, yaani sangara wa chumvi aliyekaushwa. Mwaloni limesimama juu ya hao wawili, kwa hiyo anayetafuta sato mbichi wa kuchoma jioni asije hapa kwanza.

Tuje kwenye dagaa wenyewe, maana hapa ndipo pesa inapopotea.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, sasa zaidi taa za sola. Taa huvuta samaki pale tu usiku ulipo na giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hutawanyika na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa. Mzigo husafiri kwa mitumbwi ya injini kutoka visiwa vya Ukerewe na kwingine, kwa hiyo soko huchelewa nyuma ya mwezi: siku chache baada ya giza kuanza ndipo magunia hufurika, na mbalamwezi ikishakaa mzigo hupungua na bei hupanda. Kabla ya kupanga safari, tazama angani.

Jambo la pili ni mvua. Dagaa mbichi akikosa jua siku ya kwanza huanza kuoza akiwa bado ameanikwa, na hata akikauka kesho yake ladha imeshakuwa chungu. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ndiyo ya kununua mzigo wa kuweka. Wakati wa masika nunua wa wiki moja tu.

La tatu ni pale alipoanikwa. Dagaa wa chanja, yaani aliyekaushwa juu ya nyavu zilizoinuliwa, ni msafi. Wa chini ana mchanga, na mchanga huo unalipiwa kama samaki. Muuzaji mwaminifu atakutajia tofauti na bei zitatofautiana. Lakini jipimie mwenyewe. Ingiza mkono hadi katikati ya gunia, kwa sababu juu huwekwa wazuri. Chukua konzi, tumbukiza kwenye kikombe cha maji, koroga, subiri dakika moja: mchanga utakaa chini uuone. Kisha vunja dagaa mmoja. Akikatika kwa mlio amekauka. Akipinda ana unyevu, na ataota ukungu kabla hujafika nyumbani. Rangi iwe ya fedha inayong'aa. Njano au wekundu ni dalili kwamba mafuta yamechacha. Angalia pia kama kuna furu wadogo na vumbi la vichwa vilivyovunjika. Dagaa wa aina hiyo ni wa chakula cha kuku, na bei yake iwe ya kuku.

Vipimo ni sado, debe na gunia, na vyote hupima ujazo. Debe likitikiswa dagaa hushuka, kwa hiyo omba litikiswe kabla ya kujazwa juu. Kwa mzigo mkubwa, mizani ni bora kuliko debe lolote. Kina mama wanaochambua pembeni ya maghala watakutolea takataka na mchanganyiko kwa malipo ya makubaliano. Hiyo ni kazi ya ustadi, walipe vizuri. Wao, wapagazi, mama lishe na mafundi wa mitumbwi ndio wanaokaa Kitangiri na Kirumba yenyewe, na mbalamwezi ikirefuka hata muuza chapati wa juu barabarani anajua.

Kayabo hahitaji maneno mengi: nyama iwe ngumu, chumvi ionekane kavu, pasiwe na alama za wadudu karibu na mfupa. Loweka usiku kucha, badilisha maji mara mbili au tatu, ndipo umuunge kwa karanga au nazi.

Kasoro za soko zipo. Mvua ikinyesha, njia za ndani huwa tope, vaa viatu vya kufunga. Malori yanapopakia, kupita ni kazi. Siku ya mechi uwanjani, hasa tangu timu ya Pamba irudi Ligi Kuu mwaka 2024, barabara hujaa kuanzia mchana, kwa hiyo maliza ununuzi asubuhi, ambapo pia jua halijawa kali na wauzaji wana subira ya kujibu maswali.

Kusafirisha: salfeti mbili, moja ndani ya nyingine, mdomo ushonwe. Tunza stakabadhi ya ushuru, na mzigo wa biashara uwe na vibali vya uvuvi kabla haujatoka sokoni, kwani utaulizwa njiani. Ukifika nyumbani, anika tena juani kwa muda wa saa mbili au tatu, acha wapoe kabisa, kisha funika kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Ukiwafunga wakiwa bado na joto, jasho lao wenyewe litawaharibu.